Mita Mbili za Nyuma

Kwanza niseme wazi: madarasa yale niliyachora mimi. Watu wakisikia nilifanya kazi katika biro, yaani ofisi, ya ujenzi ya mji wa Bujumbura wanadhani nilikuwa mkubwa wa kutia saini. Wapi! Nilikuwa mchoraji tu. Nilikuwa na meza yangu iliyoinama, karatasi ngumu yenye kupitisha mwanga ambayo tuliiita kalke, kalamu ya wino, na wembe. Wembe ni wa kukwangua wino ukikosea. Kwa miaka mingi kila shule ya serikali mjini ilitoka katika kalke moja: darasa la mita sita kwa tisa, madirisha huku na huku, mlango mmoja karibu na ubao, madawati ya watoto watatu watatu. Watoto hamsini, basi. Mchoraji aliyenitangulia aliinakili kwa aliyemtangulia, mimi nikainakili kwake, na hakuna aliyeuliza kitu.

Vita vilipoingia mjini, kalke ile haikubadilika. Waliobadilika ni watoto. Hamsini wakawa sabini, sabini wakawa themanini na kitu, maana kila mtaa ulipowaka moto watu walihamia mtaa mwingine, na shule yetu ya Buyenzi haikumfukuza aliyebisha hodi. Binti yangu alikuwa mwaka wa tatu hapo. Baba yake alikuwa amekwama Kigoma na biashara yake, barua yake moja inachukua miezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Na mimi, tangu kuzaliwa, ni mtu wa roho nyepesi, wa kuogopa haraka.

Kutoka kwenye meza yangu niliiona milima. Hilo lilikuwa balaa langu. Mlio wowote wa bunduki au mzinga ukitoka kule juu kwa waasi, kalamu inasimama. Naanza kupiga hesabu: huu ni wa mbali, huu ni wa karibu, huu umeangukia upande gani, na saa hizi wako darasani au wametoka kucheza? Wenzangu walikuwa wananicheka. "Madamu, utatoboa kalke," wananiambia. Ala! Cheka wewe ambaye wako yuko nyumbani na bibi yake.

Siku moja saa sita mchana tulikuwa tunakula, wali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, binti yangu akasema bila kuinua kichwa, "Leo mi nilikuwa juu tena."

"Juu ya wapi?"

"Juu ya wenzangu."

Nikadhani ni michezo yao. Nikamwambia acheze kwa adabu, aangalie yale magoti, kila siku anarudi amekwaruzika. Akanitazama kidogo, akaendelea kuchambua ndagala zake, mpaka nilipomtuma chumvi.

Haikupita wiki, mkuu wangu akaja na kijitabu cha zamani akakiweka mezani kwangu. Alikuwa mhandisi, mtu wa mashati meupe na sauti ndogo, asiyependa kugombana na mtu. "Madamu," akasema, "mji unataka kanuni za kujenga shule zifanywe upya. Wafadhili hawatoi hata mfuko mmoja wa saruji kwa karatasi hizi za kale. Sura inayohusu darasa nakupa wewe."

Nilifurahi, sitaficha. Miaka yote hiyo nanakili mawazo ya watu, leo naulizwa wazo langu. Nikaomba barua yenye muhuri ili nikapime darasa linalotumika, nione watoto wanakaa vipi kwa kweli. Nikachagua shule ya binti yangu. Nilisema ni kwa sababu iko karibu. Wallahi nilitaka tu kumwona yuko mzima saa nne ya asubuhi.

Mwalimu wake alikuwa msichana mwenye sauti iliyokauka kwa kupigania kusikika. Nikapima dirisha, nikapima ubao, nikapima vile vinjia vya kati ya madawati, hata mimi napita kiubavuubavu. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa ajili ya kanuni tu, "Mulio ikianza, munafanya namna gani?"

Akapiga makofi mawili.

Darasa zima likaanguka. Chini ya madawati hawakuweza kuingia, maana madawati yetu yana ubao unaopita chini, nami ndiye niliyeuchora, kwa ajili ya uimara. Wakakimbilia ukuta wa upande wa milima, chini ya madirisha, penye matofali. Wakajaza pale, wakajaza vinjia, wakajaza mbele ya ubao. Wadogo walilala kwanza. Sakafu ilipokwisha, watoto wakawa bado wamesimama, na wale waliobaki, wale warefu, wakalala juu ya wadogo. Hakuna aliyecheka. Binti yangu amerefuka kama baba yake. Nilimwona amelala kifudifudi juu ya watoto wawili, mikono nyuma ya shingo, ametulia kama yuko kitandani kwake.

"Wadogo chini, warefu juu," mwalimu akaniambia polepole. "Nafasi haitoshi, madamu. Nimejaribu kila namna."

Yarabi. Kumbe magoti yale! Kumbe "juu" ndiyo hiyo, na mimi nikamwambia acheze kwa adabu! Mtoto wangu alikuwa amefanywa paa la wenzake, naye alikuja kuniambia mezani, nami nikamtuma akalete chumvi.

Watoto wakarudi kwenye madawati. Nikamvuta mwalimu barazani. Nilikuwa bado nimeshika futi yangu ya kupimia na ile barua yenye muhuri, na nilijua vizuri kwamba nimeishika. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu wangu mumushushe chini."

"Na juu nimuweke nani?"

"Mi sijui. We ndiye mwalimu."

Hayo ndiyo maneno yangu, sipunguzi wala siongezi. Akaitazama ile barua, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, madamu." Nikaondoka haraka, na njiani nilikuwa nashukuru Mungu.

Siku ya tatu binti yangu akaniambia sasa yuko chini. Nikasema alhamdulillahi. Ningeishia hapo, lakini mdomo wangu haujawahi kujua pa kuishia. Nikamuuliza, "Na juu yako yuko nani?"

Akanitajia. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, mama aliyekaanga mandazi kwenye ukuta wa lango letu. Tulichota maji bomba moja. Mtoto wake, naye mrefu, alikuja kila siku jioni mapema kuandikia kwenye meza yetu kwa sababu kwao hapakuwa na meza. Aliingia, akavua viatu, akanisalimia, akakaa pembeni ya binti yangu, wakagombania kifutio. Na mama yake, kila nikinunua mandazi matatu, alinitilia la nne. "Shika, ya mutoto," anasema. Tangu siku ile mandazi yake yalinikaba. Nilikuwa nayatafuna nikiangalia pembeni.

Ningeweza kurudi kwa mwalimu na kumwambia, rudisha. Nilifika mpaka kwenye kona ya shule mara mbili. Mara zote mbili nilisikia mlio kule juu, au nilijidanganya nimesikia, na nikageuka. Niliogopa. Mtu anayesema angerudi, sijui kama aliwahi kumsikia mwanawe akisema "leo mi nilikuwa juu."

Basi nikaamua kulimaliza kwa kalamu. Darasa likiwa kubwa vya kutosha, hakuna atakayekuwa juu ya mwenzake, si wangu wala wake, na lile nililolifanya barazani litakuwa kama halikufanyika. Nilikuwa naliwaza hilo kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nikamlaza binti yangu sakafuni nyumbani, kiubavu, magoti amekunja, nikamzungushia chaki. Alicheka sana, chaki ilimtekenya, nami nikamgombeza atulie. Nikapima ile alama. Kazini nikachukua kalke mpya nikachora darasa, ndani yake nikapanga vijitu vilivyolala, kimoja kimoja, vyote themanini na kitu. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu, na jibu likatoka: zinahitajika mita mbili zaidi upande wa nyuma, tupu, bila dawati, na ukuta wa nyuma uwe mzima bila dirisha. Kila mtoto sakafuni, hakuna wa juu. Pembeni ya mchoro nikaandika kwa herufi zangu nzuri: "Mita mbili za nyuma ni za watoto kulala wakati wa risasi. Pasiwekwe dawati."

Mkuu wangu akasoma. Akavua miwani.

"Madamu, hii siwezi kuipeleka."

"Mita mbili tu, mkuu."

"Mita si tatizo. Haya maneno. Vita vitakwisha siku moja, kanuni zitabaki. Mkubwa gani ataweka saini yake kwamba mji unajenga shule za kupigwa risasi? Karatasi nzima itarudi, na madarasa hayatajengwa kabisa."

"Basi walale wapi? Juu ya saini?"

Mtu mwingine angenifukuza. Yeye aliinuka akafunga mlango, akarudi akakaa. "Mita nakuachia," akasema. "Maneno toa. Tafuta mengine."

Na hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kufanya kazi miaka ile. Ukuta tuliuongeza unene, tukaandika ni kwa sababu ya joto. Mlango wa pili tuliuweka ubavuni kwa nyuma, tukaandika ni kwa ajili ya hewa. Wote tulijua, hakuna aliyetamka, na karatasi zilipita. Nikachukua wembe nikakwangua. Nikaandika: "Mita mbili za nyuma: nafasi ya kazi za mikono na mazoezi ya viungo." Lile neno la kwamba pasiwekwe dawati nikalikwangua pia, maana lilikaa vibaya, mtu angeuliza kazi gani za mikono hizi zinazokataza madawati. Nilipomaliza nikapuliza unga wa karatasi, nikajiona mjanja. Hata nilitabasamu.

Kanuni zikapita. Ilichukua miezi, lakini zilirudi na saini na muhuri, na madarasa mawili ya kwanza ya kanuni mpya yakapangwa kujengwa kwenye uwanja wa shule yetu, kwa bahati kidogo na usumbufu wangu mwingi. Kila asubuhi nilipita kuangalia matofali yamefika wapi. Milango ya chuma ilikuwa inachomelewa kwenye karakana moja Zone Industrielle, eneo la viwanda, ikakwama huko wiki mbili kwa sababu ya milio njiani, nami nikawafokea watu wasio na kosa. Polepole yenu hii! Nyinyi munajua kuna nini kwenye darasa lile la zamani? Hawakujua. Walinitazama kama mwanamke aliyechanganyikiwa kidogo, na hawakukosea sana.

Jirani yangu alikuwa amesikia. Siku moja akanikabidhi mandazi yangu yamefungwa kwenye gazeti, akanishika mkono. "Jirani, wanasema ile shule ni we umeichora. Mungu akupe maisha."

"Subiri tu," nikamwambia. "Itakuwa kubwa."

Nilikuwa nimeshajiwekea. Siku darasa litakapofunguliwa, watoto wote wakiwa sakafuni, nitamwita jirani ndani, nimpe chai, nimwambie nilichofanya. Nitamwambia wakati hakina madhara tena. Ni woga wa aina yake, najua, kuungama baada ya hatari kupita, lakini ndio niliokuwa nao.

Ndipo watu wa mtaa wa Kinama wakakimbia mapigano. Siku mbili nzima walipita barabarani na magodoro kichwani, kuku mikononi, watoto wameshika nguo za mama zao. Wengi wakabaki kwetu, kwa ndugu, kwa marafiki, kwenye baraza za watu. Asubuhi iliyofuata watoto wao walikuwa wamesimama nje ya madirisha ya shule wanasikiliza masomo. Hawakuwa wameambiwa na mtu waje. Nilipita nikawaona, nikasikitika kama kila mtu, nikaenda kazini. Sikufikiri zaidi. Mimi mwenye kufikiri usiku na mchana!

Wiki chache baadaye majengo yakaisha, na shule haikungoja sherehe, ikahamia. Mkuu wangu na mimi tukaenda kuyapokea rasmi, yaani kupima kila kitu na kuandika kwamba kimejengwa kama karatasi ilivyosema. Nilivaa kitenge changu kizuri. Kwenye mkoba nilikuwa na sukari niliyoinunua kwa ajili ya ile chai ya jirani.

Direkta wa shule akatufungulia mlango wa darasa la binti yangu. Nikaingia, nikaangalia nyuma moja kwa moja.

Madawati yalikuwa yamefika mpaka ukutani.

Safu mbili zaidi, zimejaa watoto, wanne wanne kwenye dawati la watatu. Zile mita mbili zangu hazikuwepo. Nikasahau kwamba kuna watoto wanasikia. "Direkta! Huku nyuma nani aliwaambia muweke madawati?"

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, koti lake limemzidi. Hakukasirika. "Madamu, watoto wa Kinama walikuwa wanasoma dirishani, wamesimama, na mvua inawanyeshea. Nilipoona nafasi tupu nilijiuliza, mbona hawa wameacha nafasi? Nikachukua karatasi yenu nikasoma. Nilisoma mara mbili, natafuta sababu. Nikaona kazi za mikono." Akafungua viganja vyake. "Kazi za mikono, madamu, wakati kama huu? We ungefanya nini?"

Nikamgeukia mkuu wangu. Mkuu wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ilikuwa nafasi ya kulala," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mulio ikianza. Wote walale chini, asiwepo wa juu."

Direkta akageuka. Aliwatazama watoto, akatazama ukuta wa nyuma, ule mzima usio na dirisha, na nikaona anaelewa kila kitu kwa mara moja, ukuta, mlango wa pili, yote.

"Mungeandika," akasema.

Nilikuwa naangalia mahali pale nyuma nikijaribu kukumbuka kama wembe ulikuwa mkali au butu siku ile, wazo la kipumbavu kabisa, na ndipo milima ikalia. Si mbali. Mara moja, halafu mara ya pili, vioo vikatetemeka.

Mwalimu alipiga makofi mawili.

Wakaenda chini. Nasi tukaenda chini, mkuu wangu na shati lake jeupe kwenye saruji mpya, direkta na koti lake, mimi na kitenge changu, mkoba umeangukia pembeni na sukari inamwagika. Watoto walijaza ukuta, wakajaza vinjia, wakajaza mbele ya ubao. Walikuwa wengi kuliko zamani, na sakafu iliisha upesi kuliko zamani. Nikasikia wale warefu wanapanda juu ya wenzao, nguo zinakwaruzana, mtu anasema "songa mukono." Halafu kimya.

Niligeuza uso. Binti yangu alikuwa pale, hatua moja kutoka kwangu, shavu kwenye saruji, macho ameyafumba. Siuoni mwili wake. Juu yake alikuwa amelala mtoto wa jirani, amemfunika kuanzia kichwani, mikono yake yote miwili ameizungusha kwenye kichwa cha binti yangu, na shingo yake mwenyewe iko wazi. Yeye macho alikuwa ameyafungua. Aliniona ninavyotetemeka. Alidhani namwogopea mwanangu, na alikuwa sahihi, hata wakati ule, namwogopea mwanangu kwanza.

"Mama, musiogope," akaninong'oneza. "Nimemufunika vizuri."

Nikamwambia asante.